Johnny Manziel: Mgema aliyesifiwa hadi tembo likaingia maji

Siku mbili baada ya kutimiza miaka 20, Johnny Manziel alikabidhiwa tuzo kubwa kuliko zote katika soka ya Kimarekani ya vyuo vikuu. Alipokuwa na miaka 23 hakuwa na timu wala wakala, na babake mzazi alikuwa amesema hadharani kwamba anahofia mwanawe hatafikisha miaka 24. Kati ya siku hizo mbili, si jeraha la goti wala la bega lililommaliza. Kilichomwangusha kilikuwa nje ya uwanja. Makala haya yanaeleza jinsi kipaji hicho kilivyopanda, jinsi kilivyoporomoka, na kwa nini si sahihi kuutupa mzigo wote wa lawama juu ya kijana mmoja.

Mchezo wenyewe na kazi ya kotabeki

Kwa msikilizaji aliyezoea kandanda, soka ya Kimarekani ni mchezo tofauti kabisa. Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, na mpira wenye umbo la yai huchezwa zaidi kwa mikono. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea angalau yadi 10. Ikifaulu hupata majaribio mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Mchezaji akifika na mpira ukingoni mwa uwanja, katika eneo la mwisho, timu yake hupata alama 6. Hapa tutaliita bao la mguso.

Moyo wa mashambulizi hayo ni mchezaji anayeitwa kotabeki. Karibu kila jaribio huanza kwa mpira kuwekwa mikononi mwake. Ndani ya sekunde mbili au tatu, huku watu wenye uzito wa zaidi ya kilo 100 wakimkimbilia ili wamwangushe, anapaswa kuamua: atupe pasi, amkabidhi mwenzake, au akimbie mwenyewe. Kwa hiyo kotabeki hategemei mkono wenye nguvu peke yake. Katika ligi ya kulipwa, NFL, hutumia saa nyingi kila wiki akitazama video za wapinzani na kukariri kitabu cha mbinu za timu yake. Mashabiki huona saa tatu za Jumapili, lakini sehemu kubwa ya kazi hufanyika katikati ya wiki, katika chumba chenye kimya. Ni katika chumba hicho ndipo kazi ya Manziel ilipokwama.

Kutoka Kerrville hadi Tuzo ya Heisman

Johnny Manziel alizaliwa tarehe 6 Desemba 1992 huko Tyler, katika jimbo la Texas, na alisoma sekondari katika mji mdogo wa Kerrville. Texas ni jimbo ambako mechi za soka za shule za sekondari huwakusanya watu wa mji mzima kila Ijumaa usiku. Hakuwa mrefu kama makotabeki wengi wanavyotarajiwa kuwa. Alikuwa mwepesi, mjanja na asiyeogopa.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Texas A&M, na mwaka 2012 akapewa nafasi ya kuanza mechi kwa mara ya kwanza. Dalili za matatizo zilikuwa zimeshaonekana. Mwezi Juni mwaka huo, kabla ya msimu kuanza, alikamatwa na polisi usiku baada ya vurugu katika eneo la baa karibu na chuo, na akakutwa na kitambulisho bandia. Alibaki timuni. Miezi michache baadaye, hakuna aliyetaka kukumbushwa habari hiyo.

Tarehe 10 Novemba 2012, Texas A&M ilisafiri hadi Tuscaloosa kukabiliana na Alabama, bingwa mtetezi aliyekuwa wa kwanza katika orodha ya ubora nchini. Katika shambulizi moja Manziel alimgonga mwenzake mgongoni, mpira ukamponyoka na kuruka juu. Aliudaka tena, akakimbilia upande wa kushoto, kisha akatupa pasi iliyozaa bao la mguso. Texas A&M ilishinda kwa alama 29 dhidi ya 24, na tangu jioni hiyo jina la Manziel likawa midomoni mwa watu kote Marekani.

Tarehe 8 Desemba alitunukiwa Tuzo ya Heisman, inayotolewa kila mwaka kwa mchezaji bora wa vyuo vikuu. Tuzo hiyo ilikuwepo tangu mwaka 1935, na hakuna mchezaji wa mwaka wa kwanza aliyewahi kuipata kabla yake. Katika msimu huo alitupa pasi za jumla ya yadi 3,706 na kukimbia yadi 1,410.

Sahihi zilizouzwa na sheria iliyochelewa

Sifa hizo zilikuwa na thamani ya fedha. Utafiti uliotumiwa na chuo chenyewe ulikadiria kwamba jina la Texas A&M lilipata matangazo yenye thamani ya dola milioni 37 kutokana na ushindi wa Heisman. Mwaka 2013 uongozi wa chuo uliidhinisha ukarabati mkubwa wa uwanja wake, Kyle Field, kwa mamia ya mamilioni ya dola. Fulana zenye namba 2, namba ya Manziel, ziliuzwa kwa wingi.

Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kupata hata senti moja. Kwa kanuni za wakati huo za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, mchezaji alikuwa mwanafunzi wa ridhaa: alipewa masomo na malazi, lakini akiuza jina au sahihi yake alihesabiwa kuwa amevunja sheria. Mwezi Agosti 2013 NCAA ilichunguza madai kwamba Manziel alilipwa kwa kutia sahihi picha na vifaa vya michezo. Uchunguzi haukupata ushahidi wa malipo, naye akafungiwa nusu ya kwanza ya mechi dhidi ya Rice. Miaka 10 baadaye, katika filamu ya maisha yake iliyoonyeshwa na Netflix mwezi Agosti 2023, alikiri kwamba fedha alizipokea.

Kanuni hiyo haipo tena. Tangu Julai 2021 wanafunzi wanamichezo wa Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na wako wanaopata mamilioni kabla ya kuhitimu. Kwa hiyo jambo lililomfanya Manziel aandamwe leo ni biashara halali. Lakini kwake madhara yalikuwa yameshafanyika. Alikuwa amejifunza mapema kwamba kuna ukweli wa kusemwa mbele ya kamera na ukweli mwingine wa chumbani, na kwamba ukishinda Jumamosi, watu hawataulizia mambo ya Ijumaa.

Usiku wa kuchaguliwa

Vijana wa vyuo huingia NFL kwa utaratibu maalumu. Kila mwaka timu 32 huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na kwa kawaida timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huanza. Tarehe 8 Mei 2014, jijini New York, Manziel alikaa mbele ya kamera akisubiri jina lake. Wachezaji 21 waliitwa kabla yake. Hatimaye Cleveland Browns ilibadilishana zamu na Philadelphia ili imchukue katika nafasi ya 22. Alipanda jukwaani akisugua vidole vyake kwa ishara ya fedha, ishara aliyokuwa akiifanya uwanjani tangu chuoni.

Browns ilikuwa timu yenye kiu. Tangu iliporejea katika ligi mwaka 1999, ilikuwa imewajaribu takriban makotabeki 20 bila kumpata wa kudumu. Mkataba wa Manziel ulikuwa wa miaka minne na thamani ya takriban dola milioni 8, mbali na fedha za makampuni ya matangazo. Mji ulioumia kwa miaka mingi ukamtwika kijana wa miaka 21 matumaini yake yote.

Kishikwambi kisichofunguliwa

Mechi yake ya kwanza kuanza ilikuwa tarehe 14 Desemba 2014 dhidi ya Cincinnati. Browns ilifungwa 30 kwa 0. Manziel alipata yadi 80 tu kwa pasi, na pasi zake mbili zilinaswa na wapinzani. Mbinu zilizofaa chuoni, za kukimbia huku na huko hadi nafasi ipatikane, hazikutosha mbele ya mabeki wa kulipwa waliokuwa na kasi kama yake na walioisoma michezo yake mapema.

Timu huwapa wachezaji vishikwambi vyenye video za wapinzani. Katika filamu hiyo ya Netflix, wakala wake wa zamani alisimulia jinsi klabu ilivyokagua kishikwambi cha Manziel na kukuta muda wa matumizi ni sifuri. Manziel hakukanusha, alikiri kwamba hakuwa akitazama video hizo. Katika kazi ya kotabeki, hilo ni sawa na rubani kurusha ndege bila kusoma taarifa za hali ya hewa.

Mwishoni mwa Januari 2015 aliingia katika kituo cha matibabu ya uraibu kwa hiari yake na kukaa humo kwa zaidi ya wiki 10. Aliporejea ilionekana kana kwamba upepo umegeuka. Mwezi Novemba mwaka huo alitupa pasi za yadi 372 dhidi ya Pittsburgh, na siku mbili baadaye klabu ikamtangaza kuwa kotabeki wake wa kwanza kwa mechi zilizosalia. Ilikuja wiki ya mapumziko. Video ikasambaa ikimwonyesha katika sherehe usiku huko Texas, na kabla ya kucheza mechi nyingine alishushwa hadi nafasi ya kotabeki wa tatu. Cheo alichokisubiri kwa msimu mmoja na nusu kilidumu wiki moja.

Mwaka 2016: kila kitu kwa pamoja

Mapema Januari 2016, wakati timu ikimhesabu kuwa majeruhi wa mtikisiko wa ubongo, vyombo vya habari viliripoti kwamba alionekana Las Vegas. Mwishoni mwa mwezi huohuo likatokea jambo zito zaidi. Aliyekuwa mpenzi wake aliwaambia polisi wa Texas kwamba Manziel alimpiga na kumtishia. Mwezi Aprili baraza la mashtaka la Dallas lilimfungulia shitaka la shambulio. Shitaka hilo lilifutwa Novemba 2017 baada ya kutimiza masharti ya makubaliano na mahakama, yakiwemo mafunzo ya kudhibiti hasira na mpango wa kukabiliana na uraibu. Hata hivyo, haifai kisa hicho kihesabiwe kuwa tukio dogo katika simulizi ya mwanamichezo. Anayeanguka huwaangukia na wengine, na aliyeumia siku ile hakuwa na mkataba wala mashabiki wa kumtetea.

Mwezi Februari wakala wake alijiondoa. Wakala mwingine mashuhuri alimchukua Machi na kuachana naye Aprili. Kampuni ya Nike iliachana naye. Browns ilimtema tarehe 11 Machi, na baadaye NFL ikamfungia mechi nne kwa kukiuka kanuni za dawa za kulevya. Familia yake ilijaribu mara mbili katika wiki moja kumpeleka kwenye matibabu, alikataa. Ndipo babake alipozungumza na gazeti la Dallas, kwa maneno ambayo mzazi yeyote hapendi kuyatamka.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Katika filamu ya mwaka 2023 Manziel alieleza kwamba wakati huo alitumia mamilioni ya dola katika ulevi na anasa, na kwamba alikuwa amepanga mwisho uwe kujitoa uhai. Alijaribu, na akanusurika. Alisema pia kwamba pale alipopata kila alichokitamani ndipo alipojihisi mtupu kuliko wakati wowote. Mwaka 2018 alikuwa tayari ametangaza kwamba madaktari wamemgundua kuwa na bipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu katika msisimko usio wa kawaida na kisha kumtumbukiza katika huzuni kubwa. Ugonjwa huo haufuti makosa yake. Unaeleza kwa nini makaripio na faini peke yake havikumponya.

Milango iliyobaki

Takwimu zake za NFL ni fupi: misimu 2, mechi 14, nane kati ya hizo akianza, ushindi 2. Alitupa pasi 7 zilizozaa mabao ya mguso, na pasi 7 zilinaswa na wapinzani.

Mwaka 2018 alihamia ligi ya Kanada, kwanza Hamilton na kisha Montreal. Katika mechi yake ya kwanza na Montreal, dhidi ya timu aliyotoka, pasi zake 4 zilinaswa na timu yake ikafungwa 50 kwa 11. Februari 2019 ligi hiyo iliagiza mkataba wake uvunjwe kwa kutotimiza masharti aliyowekewa, na ikazizuia timu nyingine kumsajili. Alikwenda Memphis katika ligi mpya ya Marekani, nayo ikafilisika wiki chache baadaye. Alipocheza katika ligi ndogo ya maonyesho mwaka 2021, mchezo ulikuwa umeshakuwa burudani, si kazi.

Nani alitia maji kwenye tembo?

Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa haraka, methali hiyo inamfaa Manziel kama vazi lililoshonwa kwa kipimo chake. Alisifiwa, akaamini kwamba kipaji kinatosha, akaacha kufanya kazi. Kuna ushahidi wa kutosha wa kumtia hatiani. Derek Carr, kotabeki mwingine wa mwaka huohuo, alichaguliwa katika nafasi ya 36, yaani nafasi 14 nyuma ya Manziel. Alicheza misimu 11 na kustaafu mwaka 2025 akiwa na zaidi ya yadi 41,000 za pasi. Hakuwa na Tuzo ya Heisman.

Lakini methali hiyo ina upande wa pili usiotazamwa sana. Mgema hasifiwi na hewa. Husifiwa na wanywaji, nao hunywa. Chuo kilijua kuhusu kukamatwa kwake, lakini kilihitaji ushindi. Watangazaji walizigeuza usiku zake kuwa habari za kuchekesha, wakalivumisha jina lake la utani na kuliuza. Browns ilisikia maonyo ambayo timu nyingine zilikuwa zimeyasikia, ikamchukua hata hivyo. Kila mmoja aliweka matibabu ya kijana huyo baada ya mechi inayofuata. Mabega yalipokuwa imara, ulevi uliitwa ujana. Yalipokosa faida, uleule ulevi ukaitwa aibu.

Si haki kusema hakuna aliyejaribu. Wazazi walijaribu, na klabu ilimpokea baada ya kituo cha matibabu. Tatizo ni wakati. Samaki hukunjwa angali mbichi, na kwa Manziel mkono wa kumkunja uliletwa alipokuwa amekwisha kukauka, akiwa na fedha nyingi, marafiki wengi wa usiku na sababu chache za kumsikiliza mtu yeyote.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

NFL sasa inatafuta vipaji barani Afrika. Mwaka 2013 Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga, alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo alipovaa jezi ya Indianapolis Colts. Mwaka 2023 ligi iliendesha kambi ya vijana jijini Nairobi, katika mpango unaoongozwa na Osi Umenyiora, mwenye asili ya Nigeria, aliyetwaa ubingwa mara mbili na New York Giants. Mbali na mchezo huo, kila mwaka vijana wa kanda yetu huondoka nyumbani kwa ajili ya kandanda, riadha na kikapu, wakiwa na umri aliokuwa nao Manziel alipokamatwa kwa mara ya kwanza.

Wazazi na makocha huuliza kwanza kuhusu mkataba: mshahara kiasi gani, miaka mingapi, tiketi nani atalipa. Hayo ni maswali ya haki. Kisa hiki kinaongeza mengine yasiyoulizwa mara nyingi. Nani atamwona kijana siku ya Jumatatu, baada ya kufungwa? Nani ana ruhusa ya kumwambia hapana, na halipwi na yeye? Akianza kunywa, au akikosa usingizi kwa wiki nzima, daktari ataitwa kabla ya mechi au baada ya msimu?

Manziel yu hai, na hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye babake alikuwa ameanza kumlilia. Mwezi Machi 2024 alitangaza kwamba hatahudhuria tena hafla ya Heisman hadi Reggie Bush arejeshewe tuzo yake. Bush aliirudisha mwaka 2010 baada ya kubainika kwamba alipokea manufaa yaliyokatazwa alipokuwa chuoni. Mwezi uliofuata Bush alirejeshewa. Safari hii Manziel alitumia jina lake kumtetea mwenzake aliyeadhibiwa kwa kanuni ambayo haipo tena. Katika miaka yake ya umaarufu, mtetezi wa namna hiyo, asiyetaka chochote kutoka kwake, ndiye aliyemkosa.